Jino lisilouma, kwa nini ling'olewe?

Katika hospitali zetu husikika mara nyingi maneno ya namna hii. Mtu amekuja kwa sababu ya gego la kushoto lililomkosesha usingizi siku tatu. Mganga wa meno amemwambia apanue kinywa, amelitazama gego hilo, halafu akahamia upande wa kulia, akagonga jino jingine polepole kwa chuma chake, akasema: «Na hili pia lafaa kutoka.» Mgonjwa akashtuka. «Hili, Bwana Mganga? Hili haliniumi hata kidogo! Liliniuma mwaka juzi, likapona lenyewe.»

Wengine huinuka kitini papo hapo wakaenda zao. Wakifika nyumbani huwaambia jirani kwamba mganga yule ni mpenda koleo tu, au kwamba alitaka alipwe mara mbili. Wengine huinamisha kichwa na kukubali pasipo kuuliza neno, halafu husononeka moyoni kwa ajili ya jino walilodhani ni zima. Twaona kwamba wote wawili wamekosa kitu kimoja: hawakujua sababu. Nazo sababu zipo. Nyingine ni nzito sana, hata uhai wa mtu waweza kuzitegemea. Nyingine ni nyepesi, na mgonjwa ana haki ya kukataa. Tena zamani hata waganga wenye sifa kubwa waling'oa meno ya watu bure, na mpaka leo wako watoto wachanga wanaong'olewa meno kwa uwongo mtupu. Basi yafaa baba na mama wa nyumba, na wanafunzi pia, wajue kupambanua.

Jino likinyamaza halikupona

Jino si jiwe. Ni kiungo kilicho hai kama kidole. Ngozi yake ya nje, ile nyeupe ing'aayo, ni kitu kigumu kuliko vyote vilivyomo mwilini, gumu kupita mfupa. Nayo haina mshipa wa fahamu, kwa hiyo haisikii maumivu. Chini yake kuna tabaka la pili, la rangi ya manjano kidogo, lenye vinjia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, iingiayo kwa kitundu kidogo kilichopo kwenye ncha ya mzizi. Kwa kitundu hicho jino hupata chakula chake chote.

Sasa tazama jinsi jino linavyooza. Vijidudu vya kinywani hula sukari iliyobaki juu ya meno na kuigeuza kuwa ukali, mfano wa ukali wa ndimu, na ukali huo hulainisha ngozi ile ngumu mpaka itoboke. Wakati huo mtu hasikii kitu. Tundu likifika tabaka la pili, maji baridi na vitu vitamu humchoma. Likifika kwenye kiini, hapo ndipo penye kilio: nyama imevimba ndani ya chumba kisichoweza kutanuka, na mtu hulala akizunguka kitandani mpaka jogoo awike.

Halafu, siku moja, maumivu hukoma. Mgonjwa hufurahi, akasifu majani aliyotafuna, au mafuta ya karafuu, au tumbaku aliyobandika. Kumbe jino halikupona, limekufa. Kiini kimeoza, mishipa ya fahamu imekufa pamoja nacho, wala hapana tena cha kupeleka habari kichwani. Vijidudu vimebaki ndani ya chumba kile kama wezi katika nyumba iliyohamwa. Damu haifiki humo, kwa hiyo wala askari wa mwili hawafiki, wala dawa uliyopigwa sindano haifiki. Ndiyo maana mtu aweza kumeza vidonge mara tano kwa mwaka, akapata nafuu mara tano, na ugonjwa ukarudi mara tano.

Toka humo vijidudu hushuka kwa kitundu cha ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa wa taya. Mwili hujitetea kwa kujenga kifuko cha usaha. Usaha ukipata njia ya kutoka, haumi. Waona kipele kidogo kwenye ufizi, hupasuka, huacha ladha ya chumvi kinywani, hufunga, na baada ya majuma machache hurudi tena. Watu hukiona kuwa kitu kidogo. Pengine usaha hutoboa hata ngozi ya kidevu au ya shavu, na mgonjwa huzunguka miezi mingi akipakwa marhamu kwa kidonda kisichopona, kumbe mzizi wa kidonda ni jino ambalo halijamuuma tangu zamani. Jino hilo likitibiwa au likitoka, kidonda hufunga baada ya majuma machache.

Mganga ajuaje haya yote kwa jino lililonyamaza? Hutazama rangi, kwani jino lililokufa huweza kuwa la kijivu. Huligonga, hulipulizia baridi, hulitikisa. Lakini shahidi mkubwa ni picha ya mionzi, ile watu waitayo eksirei. Bwana Röntgen aliivumbua mionzi hiyo huko Ujerumani mwishoni mwa 1895. Mwezi wa Januari 1896 Otto Walkhoff, mganga wa meno wa Braunschweig, alikwisha piga picha ya meno yake mwenyewe. Yasemekana ilimpasa kukaa kimya dakika 25 ili picha itokee. Siku hizi ni chini ya sekunde moja. Katika picha hiyo mfupa mzima huonekana mweupe, na pale ulipoliwa panaonekana kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Mwenye kuonyeshwa kivuli hicho kwa macho yake huwa habishi tena sana.

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa kwamba mlima uliotulia si mlima uliozimika. Waliona Nyiragongo ikifumka mwaka 1977, na 2002, na 2021. Jino lililokufa ni vivyo hivyo. Laweza kutulia miaka kumi. Halafu mwili udhoofike kwa malaria, au kwa mimba, au kwa njaa, au bila sababu yoyote ijulikanayo, na usiku mmoja usaha ukaenea. Hatari kubwa hutoka kwa magego ya chini. Mwaka 1836 mganga mmoja wa Stuttgart, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa ambao hata leo waitwa kwa jina lake: uvimbe mgumu chini ya taya na chini ya ulimi, unaousukuma ulimi juu na nyuma mpaka njia ya pumzi izibwe. Kabla ya kupatikana penisilini, zaidi ya nusu ya wagonjwa wake walikufa. Hata sasa ugonjwa huu huua, hasa pale hospitali iko mbali. Mtu akiwa na uvimbe wa namna hiyo, akashindwa kumeza mate au sauti ikabadilika, asingoje asubuhi.

Je, kila jino lililokufa sharti ling'olewe? La. Likiwa na kuta za kutosha, mganga mwenye vyombo aweza kulisafisha ndani mpaka ncha ya mzizi, kuua vijidudu, na kuliziba vizuri. Jino likatumika miaka mingi likiwa limekufa lakini safi. Kazi hiyo ni ndefu, pengine yataka kurudi mara mbili tatu, na malipo yake ni makubwa kupita ya kung'oa. Hospitali nyingi za vijijini hazina vyombo vyake. Hapo mganga huchagua koleo, si kwa kupenda, bali kwa sababu kuacha usaha ndani ya taya ni vibaya zaidi. Wala si aibu kumwuliza: «Je, mjini wangeweza kulitibu?» Mara nyingine atajibu ndiyo, na mwenye uwezo wa kusafiri atakwenda. Lakini jino lililobaki magofu tu, mizizi miwili mitatu ndani ya ufizi, halina tena cha kutengeneza.

Meno yanayolegea

Kuna ugonjwa mwingine ambao tangu mwanzo hadi mwisho karibu hauumi kabisa, nao ni ugonjwa wa ufizi. Utando mlaini hujengeka kila siku penye shina la jino. Usipoondolewa kwa mswaki hugeuka kuwa ukoga mgumu kama chokaa. Ufizi huvimba na kutoka damu mtu asuguapo meno. Naye, badala ya kusugua vizuri zaidi, huogopa damu na kuacha kusugua. Pole pole mfupa ushikao jino huliwa na kushuka. Jino lenyewe ni zima, halina tundu hata moja, lakini limesimama kama nguzo ambayo mvua imeondoa udongo wake. Wenye kuvuta tumbaku na wenye ugonjwa wa kisukari hupatwa zaidi ya wengine. Tena ufizi mbovu huifanya sukari ya damu iwe ngumu kutawaliwa.

Mwanzoni mganga husafisha ukoga na kumfundisha mgonjwa namna ya kusugua, na mengi huokoka. Lakini mfupa ukiisha kuliwa karibu wote, na jino likitikisika kila upande, huwa halitafuni tena. Ni tundu la usaha tu, lenye kuharibu mfupa wa jino jirani. Hapo kuling'oa ni kuokoa yale yaliyo kando yake.

Tusimame kidogo hapa kwa ajili ya wazazi, maana kuna kulegea kwa namna nyingine ambako koleo si dawa hata kidogo. Mtoto wa miaka minne mpaka kumi akilegea magego bila kuoza, huku taya au shavu lake linavimba haraka, pengine bila maumivu yoyote, msikubali ang'olewe meno na kurudishwa nyumbani. Huenda ni uvimbe wa kansa ambao Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago huko Kampala, aliueleza kwa wataalamu wote mwaka 1958. Alitambua kwamba watoto wake wengi walitoka nchi za joto na mvua, mahali palipo malaria nyingi, na kwamba katika nyanda za juu zenye baridi ugonjwa huonekana kwa shida. Uvimbe huo hukua kwa mbio za ajabu, lakini pia husikia dawa vizuri kuliko kansa nyingi. Watoto wengi hupona wakifikishwa mapema kwenye hospitali kubwa. Siku zinazopotea kwa kung'oa jino hili na lile ni siku za thamani kuu.

Gego la mwisho

Gego la mwisho, ambalo Wafaransa huliita jino la hekima, huota kati ya miaka 17 na 25, wakati kijana adhaniwapo kuwa na akili za mtu mzima. Mara nyingi halikuti nafasi. Hulala ubavu ndani ya mfupa na kuegemea gego lililo mbele yake. Au huchungulia nusu tu, ufizi ukalifunika kama kipande cha nguo, na chakula kikaoza chini yake.

Likiwa limeliozesha gego la mbele, au limefanya kifuko cha maji kinachokula taya, au ufizi wake huvimba kila mara, sababu ya kuling'oa ipo hata kama leo haliumi. Lakini likiwa limelala kimya kabisa, halina ugonjwa wowote, je? Hapo waganga wenyewe hawakupatana. Marekani kwa miaka mingi vijana wengi waling'olewa magego hayo yote manne ili kuzuia tu taabu ya baadaye. Uingereza nayo, mwaka 2000, baraza la serikali linalopima faida ya matibabu liliagiza kwamba gego la mwisho lisilo na ugonjwa lising'olewe, kwa kuwa kulichimbua kwaweza kuleta madhara: kuna mshipa wa fahamu upitao karibu na mizizi yake, ukijeruhiwa mdomo na kidevu hubaki na ganzi, pengine kwa siku zote. Sisi twapendelea busara ya Waingereza. Gego lililolala bila kosa liachwe lilale, mradi litazamwe mara kwa mara.

Meno ya watoto

Meno ya maziwa ni 20, na wazazi wengi husema: «Si yataanguka tu?» Ni kweli. Lakini chini ya kila jino la maziwa kuna jino la utu uzima linalojengwa. Gego la maziwa lililooza, lenye kipele cha usaha kwenye ufizi, laweza kuliharibu jino hilo lingali changa, likaota baadaye na madoa na mashimo. Mtoto halalamiki; hutafuna upande wa pili na kucheza kama kawaida. Mganga akisema litoke, amelifikiria lile lijalo. Pengine kinyume chake atasema lizibwe na kutunzwa, kwani gego la maziwa likitoka miaka mingi kabla ya wakati wake, majirani husogea na kuziba nafasi, na mwenyeji wa baadaye akija hukuta mlango umefungwa.

Kitu kingine kinachowashtua akina mama ni meno ya safu mbili. Mtoto wa miaka sita au saba meno yake ya chini ya mbele huota nyuma ya yale ya maziwa, kama samaki papa. Mara nyingi jino la maziwa hulegea lenyewe, nao ulimi husukuma jipya mbele taratibu. Likikataa kulegea baada ya miezi kadhaa, mganga huling'oa, ingawa haliumi.

Nawe mama, angalia sana gego linaloota nyuma ya yote mtoto akiwa na miaka sita. Kwa kuwa hakuna jino lililoanguka kabla yake, watu hulidhania la maziwa na kuliacha lioze. La, hilo ni la maisha.

Kuhusu kupanga meno yaliyosongamana, huko mijini na Ulaya waganga huweza kumng'oa kijana mashavu manne mazima ili mengine yapate nafasi ya kunyooshwa kwa nyuzi za chuma. Haya ni magego madogo yaliyo nyuma ya chonge. Mabishano juu ya jambo hili ni ya zamani. Edward Angle, Mmarekani aliyeheshimiwa kama baba wa kazi hiyo, alifundisha kwamba meno yote yabaki. Mwanafunzi wake Charles Tweed, baada ya kuwatazama upya wagonjwa aliowatibu kwa namna hiyo, alikuta meno ya wengi hayakukaa vizuri, akaanza kung'oa. Mpaka leo kila taya hupimwa peke yake. Hapa hakuna ugonjwa, basi wazazi wachukue muda wa kufikiri. Hakuna atakayekufa wakingoja.

Kabla ya tiba nyingine

Sababu hii huwashangaza watu kupita zote. Mtu anaugua moyo, na waganga wa moyo wanampeleka kwanza kwa mganga wa meno! Katika nchi zetu watoto wengi huugua koo, koo lisipotibiwa huweza kuleta homa ya viungo, na homa hiyo huacha vilango vya moyo vimeharibika. Vijidudu vya meno mabovu huingia katika damu hata mtu atafunapo tu, vikaenda kukaa juu ya vilango hivyo. Huo ni ugonjwa wa kutisha. Kwa hiyo kabla ya kuwekewa kilango kipya cha moyo, meno yenye usaha huondolewa, yawe yanauma au yasiume. Mgonjwa wa moyo amwambie mganga wa meno habari zake kabla ya koleo kuguswa, ili yule aamue kama yafaa kumpa dawa kwanza.

Vile vile mwenye kansa ya kichwa au ya shingo atakayechomwa kwa mionzi. Mionzi hiyo huponya, lakini hukausha mate na kupunguza damu ndani ya taya. Taya lililopigwa mionzi, likijeruhiwa baadaye kwa kung'oa jino, huenda lisipone, mfupa ukafa na kutokeza nje. Basi meno yasiyo na tumaini hung'olewa majuma mawili au matatu kabla, ili vidonda vifunge. Nazo ziko dawa kali za mifupa wanazopewa wenye kansa iliyoingia mifupani, zenye hatari inayofanana na hiyo; meno hukaguliwa kabla ya kuzianza.

Meno yaliyong'olewa bure

Mambo hayo ni ya kweli, lakini ukweli ukipita mpaka huleta msiba. Mwaka 1910 Mwingereza William Hunter alihutubia waganga huko Montreal, Kanada, akisema kwamba uchafu uliofichwa chini ya meno yaliyotengenezwa vibaya ndio chanzo cha magonjwa mengi ya mwili. Neno lake lilishika kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Kwa miaka 30 hivi, Ulaya na Marekani, watu wenye maumivu ya viungo, ya tumbo, ya figo, waling'olewa meno mazima kwa mategemeo tu. Huko Trenton, katika jimbo la New Jersey, Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wenye wazimu, aliamini kwamba wazimu watoka katika meno. Aling'oa maelfu, na hata kupasua matumbo ya wagonjwa. Wengi walikufa, wala wazimu haukuwatoka. Baadaye wataalamu walipohesabu kwa makini, waliona kwamba waliong'olewa hawakupona kuliko wasiong'olewa, na desturi hiyo ikaachwa.

Tusiwacheke, maana kwetu tuna uwongo ulio mchungu zaidi. Rwanda watu hutaja ibyinyo, Uganda ebinyo, Tanzania meno ya plastiki. Na pande zetu za mashariki ya Kongo mambo ni yale yale. Mtoto wa miezi michache anaharisha au ana homa. Mtu fulani, mlaguzi au bibi mwenye sifa kijijini, humpapasa ufizi, akakuta uvimbe mweupe mahali pa chonge, akasema kwamba hayo ni meno ya uongo yenye wadudu, yatamwua mtoto. Huyachimbua kwa kisu au njiti ya baiskeli, na kumwonyesha mama kitu cheupe, laini, chenye damu. Mama huamini, kwani ameona kwa macho yake.

Kile alichoonyeshwa si mdudu. Ni jino la maziwa ambalo halijakomaa. Kila mtoto analo. Jens Pindborg, mtaalamu wa Denmark, aliandika juu ya desturi hii nchini Uganda mwaka 1969, na tangu hapo waganga wengi wameeleza matokeo yake: damu nyingi kutoka, pepopunda, usaha kuingia katika damu, ukimwi kwa chuma kilichotumiwa kwa watoto wengi, na kifo. Aponaye hubaki na alama, kwani mara nyingi chonge la utu uzima, lililokuwa likijengwa karibu, huharibika nalo, likaota kombo au lisiote kamwe. Na kuharisha? Kuliletwa na maji machafu au chakula kibovu, nako kungali pale pale. Mtoto huyo alihitaji kunyonya na kunyweshwa. Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha, anyweshwe kidogo kidogo, naye apelekwe zahanati.

Ukiwa mbele ya mganga

Sasa turudi kwenye kile kiti. Mganga amesema jino litoke, nalo haliumi. Mwulize kwa adabu: «Bwana Mganga, lina ugonjwa gani? Naomba unionyeshe.» Mganga mwema hatakasirika. Atakupa kioo uone tundu au kipele, atalitikisa jino ujisikie mwenyewe, au atainua picha kwenye mwanga na kukuonyesha kivuli. Mwulize tena itakuwaje likiachwa, na kama iko njia nyingine ya kulitibu. Akikosa cha kukuonyesha wala cha kueleza, isipokuwa kusema tu kwamba huenda siku moja likasumbua, una haki ya kushukuru na kwenda kutafuta mganga wa pili.

Tena fikiri juu ya pengo. Jino likitoka, majirani huinama kulielekea pengo, na lile la taya la pili, likikosa mwenzake wa kutafunia, huteremka au hupanda. Mtu aliyepoteza magego manne matano hula kwa shida, na wazee wengi wamekonda kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana jino linaloweza kuzibwa lizibwe mapema, wakati tundu lingali dogo na haliumi. Hapo ndipo malipo ni madogo na koleo halihitajiki.

Ukikubali ling'olewe, sema kwanza magonjwa uliyo nayo na dawa unazomeza, hasa zile za kulainisha damu. Mwambie pia kama una mimba. Utapigwa sindano ya ganzi. Utasikia kusukumwa, si kukatwa. Baadaye uma pamba kwa nguvu nusu saa, wala usiiinue kila mara kuchungulia. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute tumbaku, usinywe pombe wala uji wa moto, kwa sababu donge la damu lililo ndani ya shimo ndilo kifuniko cha mfupa. Toka siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi baada ya kula. Maumivu ya kupungua siku kwa siku ni ya kawaida. Yakizidi siku ya tatu au ya nne, pamoja na harufu mbaya, donge limetoka, rudi usafishwe. Damu ikikataa kukoma, au homa ikija, au taya likifunga, au uvimbe ukishuka chini ya ulimi, rudi saa ile ile, hata ikiwa usiku.